Bwana Nimerudi

Ilikuwa mwaka wa sitini na nane. Hapana, sitini na tisa, kwa sababu stoo ya shule ilikuwa imeshaezekwa mabati mapya, na mvua ilivyokuwa ikiyapiga sikumsikia alipobisha mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza stoo: chaki, majembe, mipira, na saa moja ya kupimia mbio ambayo mkuu wa shule alinikabidhi kwa kusaini karatasi mbili. Saa ile ninayo mpaka leo, lakini hayo tuyaache. Mlango ukafunguka, akaingia kijana mrefu, mwembamba, amelowa chapachapa, kakumbatia boksi la viatu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Hodi," akasema, naye ameshaingia. "Nimerudi."

"Umerudi kutoka wapi, ndugu yangu? Mbona sijawahi kukuona?"

Akacheka. Alikuwa mwalimu mpya wa hesabu. Alitoka ng'ambo ya mpaka, kwao kulikuwa kumechafuka, na Kiswahili alijifunza kwenye kitabu kimoja kisicho na jalada. Nikamweleza kwamba mtu akiingia mahali mara ya kwanza husema nimefika. Ili urudi, lazima kwanza uwe umeondoka. Akafungua boksi, akatoa kadi, akaandika. Ndani hamkuwa na kiatu hata kimoja. Viatu alikuwa navyo miguuni. Boksi lilijaa maneno.

Jina likamganda: Bwana Nimerudi. Na kusema haki, kosa lake lilikuwa la siku moja tu. Kuanzia siku ya pili, kila alipoingia stoo akisema nimerudi, alikuwa amepatia.

Kila asubuhi kabla ya kengele alikimbia kutoka shuleni mpaka darajani, kwenda na kurudi. Kina mama wa bombani walikuwa hawajaona mtu mzima akikimbia bila kufukuzwa.

"Kaiba nini yule?"

"Angekuwa kaiba, angepita hapa kila siku?"

Siku ya michezo aliwaacha walimu wote mizunguko miwili nyuma, kisha akateguka kifundo cha mguu akiwapungia mkono watoto. Tukampeleka zahanati. Muuguzi akamfunga bandeji. Wiki nzima akawa anakwenda kwa muuguzi yule.

"Nimerudi," anasema mlangoni.

"Leo mguu upi?"

"Huu mwingine."

Yeye na muuguzi walioana kabla ya mwaka kwisha, wakapata mabinti watatu. Kila jozi ya viatu ilipochakaa, boksi lake lilijazwa kadi, na maboksi yakaja kupangwa kwangu, rafu ya juu, mbali na mchwa. Alitaka kuandika kamusi. Mimi niliyezaliwa ndani ya lugha hii nikawa nasahihishwa na mgeni: "Ndugu yangu, si vitabu zangu, ni vitabu vyangu." Nikimjibu kwamba mtu anayerudi kabla ya kufika hana haki ya kunisahihisha, anacheka mpaka anakohoa.

Nimepotea njia kidogo. Nilitaka kusimulia ile barua.

Ilikuja wakati binti mkubwa yuko darasa la saba. Ilitoka kwa kaka yake Bwana Nimerudi, kwa lugha yao, akanisomea huku akitafsiri. Kwao kumetulia. Mama amezeeka, nyumba ya baba ipo, shule ya pale haina mwalimu. Njoo ukae. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama mipira mipya imefika. Ilikuwa imefika toka wiki iliyopita, naye ndiye aliyeihesabu.

Baada ya siku nne akaondoka na basi la asubuhi, peke yake. Mchana mkewe akaja stoo, bado kavaa sare ya kazi, akaketi juu ya mfuko wa chokaa.

"Shemeji, nimeishi na huyu mtu miaka kumi na minne. Akienda hata dukani husema narudi sasa hivi. Leo kaniambia kwaheri. Kwaheri tu!"

"Maboksi si haya hapa?" nikamwambia. "Mtu haachi maneno yake yote."

"Na viatu vya kukimbilia kavichukua."

Tukabaki hapo, mimi nategemea maboksi, yeye anahesabu viatu. Hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mwezi ukapita, wa pili ukaingia. Shemeji hakulia mbele yangu, ila alianza kufunga mlango wa mbele mapema, mpaka komeo likalegea. Jumapili moja nilikuwa kwao nalikaza. Yeye alikuwa akipiga pasi sare za watoto, binti mdogo yuko sakafuni na daftari. Mtu akasimama nje. Hakuingia.

"Hodi."

Shemeji akaisimamisha pasi.

"Nimefika," akasema.

Binti mdogo akainua kichwa. "Baba, si unasemaga nimerudi!"

"Hapana, mwanangu. Nimefika."

"Miezi miwili tu," mama yake akasema, "na Kiswahili kimeshakuharibikia?" Halafu akajifuta uso kwa sare aliyokuwa ameinyoosha, ikabidi aipige pasi upya.

Kuhusu huko alikotoka aliniambia jambo moja tu: "Walinipokea vizuri sana, ndugu yangu. Wakanilaza chumba cha wageni." Aliendelea kwenda kumwona mama yake kila likizo hadi mama huyo alipofariki, na kila safari aliaga kwa kusema narudi.

Alizeeka kwenye njia ileile ya darajani. Alipoacha kukimbia alitembea, alipoacha kutembea haraka alitembea na mkongojo, nami nampimia kwa saa ya shule.

"Ngapi?"

"Dakika arobaini na mbili."

"Na jana?"

"Arobaini na moja."

"Saa yako mbovu."

Alifariki mwaka jana, ana miaka themanini na sita. Tulipomaliza kumzika, binti mkubwa, ambaye sasa ni mwalimu na huniita baba mdogo, alishusha maboksi kutoka rafuni, kulekule stoo. Ishirini na tatu. Kamusi haikukamilika. Tukaitafuta kadi ya rudi, kwa mwandiko wake mdogo uliosimama wima. La kwanza, kufika tena mahali ulipoondoka. La pili, nguo kupungua baada ya kufuliwa. La tatu, kumkanya mtoto. La nne halikuwa na maelezo, ila maneno mawili: tazama fika.

Tukaitafuta kadi ya fika. Boksi la saba. Imeandikwa: tazama rudi.

Binti akacheka, akaketi juu ya mfuko. "Baba mdogo, huyu mtu!"

Kadi zote mbili zilikuwa zimekunjamana na kubadilika rangi, kama karatasi iliyopata maji ikakauka. Sikuona nyingine iliyokuwa hivyo. Nilimkumbuka ameinamia meza yangu, maji yanamtiririka kichwani, anaandika huku anacheka.

Mwenyewe nilimwuliza mara nyingi, akainama kufunga kamba za viatu. Mkewe nilimwuliza, akaniambia ninywe chai itapoa. Siku ile ya mvua, mlangoni kwangu, alikosea kweli?