Bomu la Kwenye Kompyuta

Mpaka leo nikiingia kanisani kuna watu wanajifanya kuziba masikio, na aibu ile niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa 2015, nafanya usafi Buffalo kwenye maabara ya mainjinia (mama nilimwacha mji wa mbali, Louisville, peke yake, na presha yake). Siku hiyo napita na ndoo, nikaona kwenye skrini mji mzima, chini yake duara jekundu linatanuka, majengo yanaanguka moja moja, na juu pameandikwa nyuklia, kabla sijakaa sawa sakafu ikatetemeka mpaka maji ya ndoo yakamwagika. Injinia alikuwa chumba cha pili, ningemwuliza tu. Lakini sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi Tanzania hatuulizi mlio ni wa nini, tunakimbia kwanza. Nikajitupa chini ya meza, nikarekodi sauti kwenye kundi la simu la kanisa, lenye ndugu zetu wa miji yote: "Bomu la nyuklia limepiga Buffalo. Mama, kimbia. Kimbieni nyote."

Injinia akaniinamia. Akanieleza kwa upole (ndio ulioniuma) kwamba wanaiga mlipuko kwenye kompyuta, kisha wanatikisa ukuta wa zege waone kama jengo litahimili ardhi ikishtuka. Basi.

Nikarekodi ya kukanusha, nani asikilize, huko Columbus, njiani kwenda Louisville, watu wetu wa mtaa wa Morse Road wameshajaa uwanja wa kanisa na masufuria na mablanketi, wengine wameacha zamu. Nikampigia mama. Simu imezimwa. Nikajua amekimbia, maana hiyo ni kanuni ya wakimbizi, ukikimbia unazima simu isije ikalia mkiwa mafichoni. Nikampigia jirani yake, Mkongo wa kuchanganya na Kifaransa, akaniambia, "Bon, mama amebeba mufuko yake, amepanda gari ya bandugu ba kanisa, hakusema anaenda wapi."

Niliogopa vibaya. Masaa manne nimekaa kwenye ngazi, namwona mama amekata roho barabarani kwa uongo wangu.

Jioni mjomba wangu anayekaa Columbus akapiga, mama yuko kwake na wale ndugu wa kanisa, wamesimama kuweka mafuta waendelee na safari ya Buffalo. Akampa mama simu.

"Mama, nilisema ukimbie, mbona unakuja kwenye bomu?"

"Nikimbilie wapi, na wewe uko huko?" Akaongeza, "Nimebeba na kitenge kipya, cha kukufunika nikikukuta umeshakufa."

Tangu hapo nikisikia mtetemo nauliza kwanza, hata kama miguu imeshaanza kukimbia. Mama alifika akabaki nami, kile kitenge akakishona gauni, na Jumapili akilivaa mimi naangalia chini.