Vikombe Viwili vya Maziwa ya Gaju

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliambiwa nimempasua ng'ombe chuchu kwa kunywa vikombe viwili vya maziwa. Nilikataa siku ile na leo nakataa. Atakayeona namkosea bibi yangu, shauri yake.

Ilikuwa wakati wa vita. Baba alikuwa amekwenda mpakani na mgambo, na Mama, ili tusikae tu tukiitazama njia, akasema Jumapili twende wote tukaone shamba la ng'ombe wa maziwa la kijiji, upande wa Kanazi, mwendo wa saa nzima kutoka kwetu Mbuba. Bibi alikubali upesi. Hakuwa na haja na shamba. Alimtaka Gaju, ng'ombe wake mwekundu, aliyechukuliwa kuingizwa katika kundi la wote.

Alitupokea bwana mifugo, kijana aliyemaliza chuo juzi juzi, buti mpaka magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Gaju wangu yuko wapi?"

"Sasa ni wetu sote, bibi. Ng'ombe wote tumewapa namba."

"Namba ikiitwa inaitika?" Bibi akauliza, kisha akaita mwenyewe. Gaju akainua kichwa, akaja. Tulicheka mpaka bwana mifugo naye akacheka.

Ili kutukirimu, akaweka sufuria ya maziwa mekoni. Bibi akaacha kucheka.

"Unayapika?"

"Nachemsha tu. Tunaua vijidudu."

"Maziwa hayapikwi, mjukuu wangu. Ukiyapika, chuchu za ng'ombe zinapasuka. Watoto, mtu asinywe!"

Kwetu hilo halikuwa neno la mchezo. Mama mwenyewe aligeuka akatazama migomba. Mimi nilikuwa na njaa, lakini nisidanganye: kilichonipandisha hasira ni lile "asinywe". Nikachukua kikombe, nikanywa, nikaomba cha pili. Mdogo wangu Deo akapaza sauti, "Bibi, mimi sinywi!" Tayari alikuwa na masharubu meupe.

Haikupita wiki, habari zikatufikia. Chuchu za Gaju zimepasuka, zinatoa damu, anampiga teke kila anayemkaribia. Na uongozi ulikuwa umeshaamua: ng'ombe asiyekamulika apande lori la Jumamosi, awe kitoweo cha askari.

Bibi akatuketisha. "Nani alikunywa?"

Deo akatazama paa.

"Mimi," nikasema. "Viwili."

"Basi umemchinja Gaju. Na huenda baba yako atamla huko aliko, bila kumjua."

Maneno hayo yalinichoma, lakini sikulia. Jumatatu nilipotoka shule nikaenda shambani wakati wa kukamua, nikasimama kwenye ua. Wakamuaji walikuwa wawili. Walitoka kwa ng'ombe huyu wakaenda kwa yule, mikono mikavu imejaa vumbi la pumba, wakivuta kama wanang'oa mihogo. Marehemu babu, na Baba baada yake, hawakugusa chuchu kabla ya kunawa na kupaka siagi. Sikuwahi kusikia wakieleza kwa nini. Ndivyo walivyofanya, basi.

Nikamwambia bwana mifugo. "Wewe mtoto, nenda ukasome," akanijibu.

Nikarudi nyumbani, nikamwomba Bibi siagi.

"Ya nini?"

"Nakwenda kumpaka Gaju."

"Mwanamke hashiki chuchu za ng'ombe."

"Basi mwite Baba aje ampake."

Nilijua huo ni ufidhuli, nikangoja kofi. Bibi akanyanyuka, akaleta kibuyu cha siagi, akakiweka chini kati yetu. Mkononi hakunipa.

Nilikwenda kila jioni. Maji ya vuguvugu, siagi, vidole polepole. Siku ya kwanza alinipiga teke la paja. Alama yake ninayo. Siku ya nne alitulia. Lori lilipofika Jumamosi, aliyechuchumaa chini ya Gaju akikamua ni mimi, povu limejaa hadi ukingoni mwa ndoo, na bwana mifugo hakunituma nikasome. Kwenye orodha ya lori aliiruka namba ya Gaju, akasoma nyingine.

Baba alirudi. Bibi, kila tulipopata mgeni, alinionyesha kidole: "Huyu ndiye aliyempasua Gaju. Na ndiye aliyemponya." La pili nililipokea. Juu ya la kwanza tuligombana mpaka alipofariki.

Sasa nafuga wangu wawili. Nanawa, napaka siagi, kama wazee wangu. Nimesoma kila kitabu cha mifugo nilichoweza kuazima, na hakuna kilichoniambia kwamba sufuria hupasua chuchu. Hata hivyo, maziwa yakianza kuumuka mekoni, huwa nageuka nikatazama mlangoni. Si woga. Najua tu Bibi angesema nini, na jibu ninalo.

Kisha nanywa. Viwili.