Baba Wawili Katika Faili Moja

Mimi nina mwandiko mzuri. Sijisifu. Nalisema kwa sababu mwandiko huo ndio uliomnyima dada yangu pasipoti, na ndio uliomtoa baba yangu nyumbani kwake Kimamba. Wapo watu wanaoharibu maisha ya wenzao kwa pombe au kwa panga. Mimi nilitumia kalamu ya wino na karatasi ya mistari.

Nilikuwa karani wa masjala bomani Kilosa, miaka ile ambayo mashamba ya mkonge yalikuwa yameshakuwa mali ya umma na kila mtu akiitwa ndugu, hata yule uliyemnunia. Nilipanga chumba mtaa wa Magomeni, palepale Kilosa, nilikuwa na kaunda suti moja niliyoifua kila Jumamosi, na nilikuwa mkali wa karatasi kupita kiasi. Mzee akija na barua iliyokunjwa vibaya nilimrudisha nje akainyooshe kwanza. Leo nikimkumbuka kijana yule natamani kumzaba kofi.

Baba alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa bado hajaota ndevu, enzi za Mwingereza, akaja kukata mkonge Kimamba. Watu wa aina yake waliitwa manamba, kwa kuwa shambani mtu alijulikana kwa namba ya kwenye kipande chake. Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, nyapara anakutilia alama kwenye chumba kimoja. Baba alijaza kadi za namna hiyo kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Kama jina lake lilikuwamo humo, hakuna aliyewahi kulisoma kwa sauti. Hata wazee wenzake wa kambini waliendelea kumwita kwa namba baada ya kazi kumwishia, naye aliitika.

Mama alikuwa Msagara wa milimani. Alifariki nikiwa mdogo, akazikwa Kimamba, na kaka yake, yaani mjomba wetu, akatuchukua mimi na dada kwenda kusoma shule ya misheni huko juu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na jembe zito. Siku ya ubatizo aliulizwa jina la baba wa watoto hawa, akataja lake. Wala hakuona kwamba anadanganya. Kwa Wasagara mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye anayesimama shauri linapokuja, ndiye anayemwoza, na mtoto akiharibu, mjomba ndiye anayefuatwa. Vyeti vya namna ile vimejaa milima ile yote, na kwa miaka mingi havikumdhuru mtu. Hata mimi niliajiriwa kwa jina la mjomba, na sikuwahi kulikataa mshahara ulipotoka.

Dada yangu alinizidi miaka minne. Ndiye aliyenifulia, ndiye aliyenibeba mgongoni nilipougua surua, na alikuwa anafanya kazi ya kusaidia wauguzi katika zahanati moja mjini. Jumapili moja alasiri alikuja chumbani kwangu ametoka kanisani, ameshika bahasha kwa mikono miwili. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo, miaka mitatu. Barua ilitaja siku ya kuripoti, na siku hiyo haikuwa mbali. Kilichobaki ni pasipoti. Picha alikuwa nazo, barua ya balozi wa nyumba kumi alikuwa nayo, na cheti cha ubatizo alikiweka juu ya meza yangu.

"Nijazie, mdogo wangu," alisema. "Mwandiko wako ndio utakaonipandisha ndege."

Nilipofika kwenye jina la baba nilisimama. Akaniambia niandike kama cheti kinavyosema.

"Hii ni karatasi ya serikali," nilimwambia. "Hapa chini unatamka kwamba yote ni kweli. Baba yako unamjua."

"Namjua. Na cheti kinamjua mwingine. Wewe fuata cheti."

Nilimjibu kwa ile sauti yangu ya dirishani, sauti ya kuwarudisha wazee. Nilimwambia siandiki uongo. Lakini ukweli wote si huo, na umri nilionao sasa hauniruhusu kuuficha. Nilikuwa naona uchungu. Mtu alikuwa amekata mkonge mpaka vidole vimepinda, na hakuna karatasi hata moja duniani iliyosema kwamba ametuzaa. Nilitaka liandikwe mara moja, kwa wino, mahali ambapo mhuri utagongwa. Dada akasema haya, kwa sababu alizoea kunipa ninachokililia.

Wiki ile nikaenda Kimamba na fomu kwenye mkoba. Baba alikuwa nyuma ya nyumba anapalilia mihogo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nilipomwambia nimekuja kumwonyesha jina lake, alinawa mikono kwanza, akajifuta kwa shati, ndipo akaketi. Hakujua kusoma. Niliweka kidole changu chini ya mstari nikamsomea jina lake, la baba yake, na kijiji alichozaliwa ng'ambo ya Ruvuma.

"Soma tena," alisema.

Nilisoma tena, na tena. Mara ya mwisho alilitaja pamoja na mimi, polepole. Sijawahi kumpa mtu zawadi iliyompendeza namna ile, wala sijawahi kutoa zawadi iliyogharimu namna ile.

Nikarudi mjini nikafanya kosa ambalo ni karani tu anayeweza kulifanya. Nikaona kwamba fomu inasema baba huyu, cheti kinasema baba yule, na faili halipendi mambo mawili. Badala ya kunyamaza nikaandika barua ya ufafanuzi. Kurasa mbili. Nilieleza mila ya ujombani, nikaeleza manamba, nikaeleza lini baba alivuka na alivukia wapi. Ilikuwa barua nzuri. Hakuna aliyeniomba niiandike.

Faili lilirudi kutoka mkoani baada ya majuma mengi, na wino mwekundu ukingoni: Mwombaji ana baba wawili, mmoja ni mgeni, ichunguzwe hadhi yake. Mkubwa wangu wa kazi aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila alipokuwa na neno gumu. Aliifuta muda mrefu. Alisema maombi ya dada yatasubiri mpaka suala la baba liishe, na kwamba baba afike bomani na karatasi alizoingilia nchini.

"Na faili lako wewe," aliongeza, "mimi sijaliona. Usinionyeshe."

Nikasema asante. Ndivyo nilivyobaki kazini, na neno hilo asante linanikereketa kooni hadi leo.

Baba alikuja kwa treni amevaa koti la marehemu jirani yake. Aliulizwa aliingia kwa karatasi gani. Akasema kwa kipande. Aliulizwa kipande kiko wapi. Akasema kadi ikijaa hurudishwa ofisi ya shamba, na ofisi ile ilishahama na wazungu wake, na makaratasi yalichomwa nyuma ya ghala. Akaulizwa anakimbia nini huko kwao.

"Sikimbii kitu, mwanangu," alisema. "Nilikuja kukata mkonge."

Mkubwa wangu alinivuta pembeni. Alieleza kwa upole, na ninamsadiki kwamba hakupenda. Mtu aliyetoka Msumbiji ana mahali pawili tu pa kuwekwa. Ama ni mkimbizi, aliyekimbia vita vya Mreno, na mkimbizi ana makazi yake kule kusini ambako anapewa shamba na ulinzi. Ama ni mgeni asiye na kibali, na mgeni asiye na kibali hurudishwa mpakani. Chumba cha tatu hakikuwepo kwenye ile fomu. Nikamuuliza vipi mtu aliyekuwa hapa kabla ya bendera ya uhuru. Akasema huyo ana haki ya kuomba uraia, aombe, ila ombi ni miaka, na amri ya kumweka mahali pake ni ya mwezi huu.

Ikabidi baba aombe hifadhi. Na aliyeandika maelezo yake ni mimi.

Mimi, niliyekataa kuandika uongo wa mstari mmoja kwa ajili ya dada yangu, niliketi na baba siku nzima nikimfundisha uongo wa ukurasa. Sema kijiji kilichomwa moto. Sema ulijificha porini. Sema ukirudi watakuua. Alijitahidi, maskini. Alikuwa akisahau, anachanganya, anaingiza habari za nyapara na mkonge, nami namrudisha kama mwalimu mwenye hasira. Mwisho aliniuliza kama kijiji kilichochomwa ni kile nilichokiandika mwanzo, kijiji cha mama yake. Nilisema ndiyo. Akainamisha kichwa, akasema basi kichomwe.

Mjomba alishuka milimani aliposikia. Alinikuta kibarazani Magomeni, nikamwamkia, akaitikia, akakaa na fimbo yake katikati ya magoti.

"Mimi niliandika jina langu ili watoto wapate pa kusimama," alisema. "Wewe msomi ukasema uongo. Sasa nasikia umeandika wako, tena mrefu. Kumbe unajua!"

Niliingia ndani nikamletea maji ya kunywa. Aibu iliyokujaa mdomoni kama majivu haitemeki mbele ya mjomba.

Ombi la hifadhi lilikubaliwa haraka, nadhani kwa sababu ya mwandiko. Mikutanoni tulikuwa tukiimba kwamba ndugu zetu wa Msumbiji wanapigania uhuru wao, na baba mwenyewe aliwahi kutoa blanketi lake likapelekwa kwa wakimbizi. Sasa alikuwa mmoja wao. Siku ya dada kuripoti ilipita huku maombi yake yakingali mezani. Barua ya pili ilikuja kutoka ng'ambo, fupi na ya adabu, kwamba nafasi amepewa mwingine. Dada aliisoma amesimama, akaikunja, akarudi kuosha chupa za dawa. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Gari la kuwapeleka wakimbizi kusini lilipita Mikumi, penye barabara kuu. Tulimsindikiza mimi na dada, tukapanda lori kutoka Kilosa asubuhi, tukafika jua limeshapanda. Baba alikuwa na fundo moja la nguo na jembe lisilo na mpini. Jana yake, kabla ya kuondoka Kimamba, alikuwa amefyeka majani kaburini kwa mama. Ng'ambo ya barabara nyani walikuwa wakigombania maganda ya ndizi, na abiria wengine wakiwacheka.

Alitoa hati aliyopewa, niliyoiandika mimi mwenyewe bomani, na juu yake mhuri.

"Nisomee."

Nikasoma jina lake. Akaitikia kwa kichwa.

"Na hapo chini?"

"Mkimbizi, baba."

Akaikunja karatasi mara mbili, jina likabaki upande wa nje, akaitia mfuko wa kifuani. Akasema amefurahi kuwa nayo. Kisha akapanda, dada akampa chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, na gari likaondoka na baba yetu.

Tuliandikiana, yeye kwa mkono wa watu wengine. Alilima, aliugua kifua, alipona. Kila barua yangu ilimwahidi kwamba ombi la uraia nililomjazia linashughulikiwa, na kweli lilikuwa linashughulikiwa. Halafu Mreno akashindwa, Msumbiji ikapata uhuru, nasi Kilosa tukacheza ngoma uwanjani. Nilicheza nami, mjinga. Haukupita muda mrefu ikaja habari kwamba wakimbizi wanarejeshwa makwao. Maelezo ya baba yalisema amekimbia vita, na vita viliisha. Yalisema kijiji chake ni kile cha ng'ambo ya mto, na ndiko alikopelekwa, kwa mamlaka ya kurasa zangu. Alikuwa hajui mtu huko. Barua ya mwisho, aliyoandikiwa na mwalimu mmoja, ilisema lugha ya nyumbani imemtoka, watoto wanamcheka, na anauliza kama tunaweza kuja.

Kwenda kulihitaji pasipoti. Faili la dada lilikuwa na doa, ila langu lilikuwa safi, kwa kuwa hakuna aliyelitazama. Nikaleta fomu nyumbani kwa dada. Nilijaza jina langu, nikajaza mahali nilipozaliwa. Penye jina la baba niliandika la mjomba, kama cheti kinavyosema, bila kusita na bila barua ya ufafanuzi.

Mstari uliofuata uliuliza sababu ya safari.

Nilitaka kuandika kwamba nakwenda kumwona baba yangu. Lakini baba yangu wa kwenye fomu ile alikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka hapo, milimani, anapalilia maharage. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Dada alitoka jikoni, akafuta mikono, akaichukua karatasi. Alisoma jina la mjomba, akautazama ule mstari mtupu, akanirudishia.

"Mwandiko wako bado mzuri," alisema, akarudi jikoni kuchochea moto.