Mkaguzi wa Jicho la Khalati

Mkaguzi aliyetia sahihi kwamba mashine iliyosoma macho ya khalati yangu ni salama, alikuwa ameidhinishwa kukagua mashine za kuchuja maombi ya kazi. Hivyo ndivyo daftari la umma lilivyosema. Nililisoma na kulirudia, nimesimama uani kwa khalati, mtaa wa Shella hapa Malindi, simu mkononi, nikitafuta mahali palipoandikwa afya, au macho, au hata ugonjwa. Hapakuwapo.

Khalati ni mdogo wake mama. Kwetu ni visiwani, kaskazini, na alipohamia Malindi alikuja na kazi ya mikono yake: kushona kofia. Kofia zake ni zile nyeupe zilizojaa vijishimo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi peke yake, na kofia moja nzuri humchukua miezi. Ana kisukari. Baada ya mvua kubwa za mwaka huu alianza kuona vidoa vyeusi vinavyoelea, akawa anavifukuza akidhani ni mbu. Siku nilipomkuta anapiga hewa mbele ya uso wake na hakuna mdudu, nilimpeleka zahanati.

Zahanati ile haina daktari wa macho. Ina mashine. Unaweka kidevu, inapiga picha ya ndani ya jicho, na akili unde iliyomo inaamua. Ikiwaka taa nyekundu, unaandikiwa barua ya kwenda kwa daktari Mombasa. Ikiwaka kijani, unarudi nyumbani mpaka mwaka ujao. Mashine kama hizi, ambazo zikikosea mtu anaumia, haziruhusiwi kufanya kazi mpaka zipimwe na mkaguzi aliyeidhinishwa, na jina lake liwe kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kulifungua mtandaoni. Cheti alichokitia sahihi mkaguzi wa mashine hii kilikuwa ukutani, juu ya mashine, ndani ya fremu, na nambari yake chini.

Taa iliwaka kijani, macho yote mawili.

"Mashine imekupitisha, mama," alisema muuguzi, mwanamke wa Kaloleni mwenye sauti ya taratibu.

"Imenipitisha pamoja na mbu wangu?"

"Hao haikuwaona, mama."

"Basi ina macho mabovu kuliko yangu."

Wanawake waliokuwa wakingoja kwenye benchi walicheka. Mimi nilikuwa nanakili nambari ya mkaguzi. Nafanya kazi ya habari katika redio ndogo ya hapa mjini, na mkono wangu una mazoea ya kuandika kabla sijajua ninaandikia nini.

Tulipofika nyumbani nililifungua daftari. Jina lilikuwapo, na mbele yake neno "hai", yaani kibali chake bado kinatumika. Nikamwambia khalati atulie, mkaguzi yupo na yu hai.

"Hata jogoo wa jirani yu hai," alisema, bila kuinua uso kutoka kwenye kofia. "Ungetumwa kuulizia mchumba, ungerudi ukasema anapumua?"

Katika ukoo wetu, anayetumwa kuulizia wachumba ni yeye. Posa ikija, haijibiwi mpaka mtu aende mtaani kwa kina mwanamume akazungumze na majirani. Na jirani anayeulizwa hasemi baya, kwa kuwa kuvunja posa ya watu ni jambo zito, na kesho wataonana msikitini. Akiwa na jema la kumsemea kijana atalisema: ana kazi, ana huruma, hana maneno. Akiwa hana, atasifu kitu cha kando. Atasema nyumba yao inaingia upepo, au mamake ni fundi wa mahamri. Khalati hushukuru, humaliza kahawa yake, na posa ile haizungumzwi tena.

Basi nikabonyeza jina la mkaguzi ili nione anajua nini, na hapo ndipo nilipoliona eneo la utaalamu wake: uajiri na uteuzi wa wafanyakazi. Nilipomsomea khalati, alivuta uzi akaukata kwa meno.

"Kwa hivyo nimefaulu. Muulize naanza kazi lini."

Sikuweza kucheka. Huenda kibali chake kilikuwa kimepanuliwa na daftari limechelewa kufuata. Huenda aliyechapa alikosea mstari. Huenda pia hapakuwa na kosa lolote la uchapaji, na mashine ilikuwa ikitazama macho ya watu kwa dhamana ya mtu asiyejua jicho. Nilitembea kutoka mlangoni hadi kwenye birika na kurudi, mpaka khalati akaniambia nikae, namzungusha kichwa.

Asubuhi yake nilipiga simu kwa ofisi inayolitunza daftari, nikaweka sauti juu ili naye asikie. Alipokea mwanamke, na kwa salamu zake tu nilijua ni wa pwani. Nilimwambia mimi ni nani, kazi yangu ni ipi, na kwamba mgonjwa mwenyewe nimeketi naye.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza kama mkaguzi yule ana kibali cha mashine za hospitali.

"Siruhusiwi kueleza lisilokuwamo daftarini."

"Na lililomo, ndilo lote?"

Nilisikia karatasi zikigeuzwa upande wake.

"Mkaguzi huyo hujibu barua upesi sana," alisema hatimaye. "Na ofisi yake ni safi, nimewahi kufika. Ina madirisha makubwa."

Khalati aliichomeka sindano kwenye kofia, akaiweka kando.

"Ahsante, binti yangu," aliiambia simu. "Mungu akuhifadhi." Nilipokata, akanigeukia. "Huyu amelelewa. Ametwambia tusiozeshe."

Hatungojei barua, alisema. Nimtafutie daktari Mombasa hata kama ni kwa mlango wa nyuma. Nilirudi naye zahanati kwanza. Muuguzi alinisikiliza vizuri, akaitazama fremu ukutani kana kwamba imetundikwa siku ile. Alikubali khalati apigwe picha tena. Taa ikawaka kijani. Bila nyekundu, alisema, mfumo haumfungulii ukurasa wa kuandika barua, na yeye hana namna ya kuulazimisha.

Nilimwandikia msimamizi wa zahanati, nikawaandikia wenye daftari. Msimamizi alijibu kuwa mashine ina cheti. Redioni, mhariri wangu aliniuliza nina nini mkononi. Nikamwonyesha daftari, akasema huenda ni kosa la uchapaji; nikamweleza kuhusu madirisha makubwa. Yeye ni mtu wa bara, mtu mzuri, akangoja niendelee.

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Hiyo si habari," alisema. Kwa kanuni za kazi yetu, hakukosea. Tukakubaliana kungoja jibu la maandishi la wenye daftari.

Kwa mlango ule wa nyuma, bila barua, khalati amepata nafasi kwa daktari wa macho Mombasa, wiki ijayo. Vidoa vimeongezeka. Katika jicho la kulia kuna kitu anachokiita pazia, kimeanzia pembeni. Kofia bado anashona, ila sasa anatafuta kijishimo kwa ncha ya kidole kabla ya kuingiza sindano, na nikimtazama sana huniuliza kama nimekosa kazi.

Nalifungua daftari kila asubuhi kabla ya chai. Jana eneo la utaalamu lilibadilika. Maneno ya uajiri yameondolewa, na mahali pake pameandikwa "linapitiwa". Mbele ya jina bado pana "hai". Baada ya chai nilipita zahanati. Benchi lilikuwa limejaa, wengine wametoka Marafa na alfajiri, na ndani mwanamke mmoja alikuwa ameweka kidevu, anaambiwa asipepese.