Fungu la Aliyechelewa

Katika depo ya kahawa tulikochambulia buni, hapa Goma, tulikuwa na desturi yetu. Mwenzetu akichelewa, fungu lake lilimwagwa mezani mahali pake kama kawaida, na jirani zake walimchambulia mpaka afike, ili siku yake isipotee. Halafu alichokozwa kutwa nzima. "Mama mukubwa ameamuka," walikuwa wakisema, "tumuletee chai?" Mimi natoka Kanyaruchinya, nje ya mji, na barabara ile haina adabu, kwa hiyo nilichokozwa kuliko wote. Nilikuwa nanuna, na moyoni nilikuwa napenda.

Kisha ikaja roboti. Nilitarajia mtu wa chuma, nikakuta kabati refu linalounguruma. Unamimina buni juu, macho yake yanaikagua, na kufumba na kufumbua punje mbovu imepulizwa kando. Nilitafuta kosa lake kwa roho mbaya kabisa. Nilipekua gunia la kwanza lililotoka, nikalipekua tena. Lilikuwa safi, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Patron, mwenye depo, alisimama mbele ya meza zetu, kofia mkononi. "Bamama, mashini inaomba mutu moja tu wa kuilisha," akasema, akaninyooshea mimi kidole. Wenzangu wakaanza kukunja vitenge walivyokalia. Jirani yangu wa meza, mama mmoja wa Masisi, alinibana mkono. "Bakia, dada. Uko na batoto." Yeye pia alikuwa nao.

Tangu hapo situlii. Kanisani vidole vyangu vinachambua hewa. Nyumbani nachambua maharage niliyokwisha kuyachambua, mpaka mume wangu ananiuliza kama leo tutakula au tutayatazama tu.

Juzi mvua iliharibu njia, nikafika depo jua limeshapanda. Nilikuja mbio, udhuru umejaa mdomoni, na kwa kweli nilikuwa natamani mtu anichokoze. Kutoka mlangoni nilisikia ule mngurumo. Mlinzi wa depo alikuwa ameiwasha roboti na kuilisha mwenyewe, na magunia safi yalikuwa yamepangwa ukutani.

"Nimechelewa, patron," nikasema kwa sauti, ili anigombeze.

Aliinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Kumbe haukukuwa hapa, mama?"