Mashine ya Mgongo

Sina namna ya kuisimulia habari hii nikaonekana mtu mzima, kwa hiyo nitaisimulia hivyo hivyo, na ninyi mcheke mkimaliza. Mtaani kwangu hapa Nyamirambo siitwi tena Hamisi. Naitwa Mgongo. Watoto, wauza maziwa, hata yule fundi cherehani asiyesalimia mtu, wote: "Mgongo, bite?" yaani, habari zako? Na jina hilo sikupewa bure, nililisotea kwa miezi saba nikikusanya vipande vya kompyuta ya gemu.

Mimi ni mtu wa Mwanza, nafanya kazi ya stoo kule Masoro, na toka nimekuja Kigali nilikuwa na hamu moja tu, kujiundia kompyuta yangu ya kuchezea gemu, kipande kwa kipande, si kununua iliyokwisha fungwa dukani. Kasha nilinunua Kinyinya kwa jamaa aliyekuwa anahama (nililibeba kwenye moto, pikipiki za abiria za hapa, limekaa katikati yangu na dereva kama mtoto), prosesa akaniletea mtu kutoka Dar, kadi ya picha nikaipata hapa hapa mtaani, imetumika lakini safi, na kila kilichoingia nilikiweka juu ya kabati na kukipangusa vumbi kila Ijumaa. Otieno, Mkenya tunayefanya naye kazi, ndiye aliyekuwa mshauri wangu, na kwenye feni ndipo tulipogombana. Yeye alisema nichukue feni za kawaida, nyeusi, zinazopuliza vizuri na hazina kelele. Mimi nikataka zenye taa, zile zinazobadilika rangi, nyekundu, kijani, zambarau, kama ukumbi wa harusi. Nikanunua sita.

"Sasa hizo taa ni za kazi gani, bro?" akaniuliza.

"Za kupendeza."

"Sawa. Lakini wewe hiyo mashine hutaiwasha. Nakujua. Utaunguza nyumba ya watu."

Hapo ndipo aliponichokoza. Nikamwambia Jumamosi saa tisa alasiri aje kwangu na pedi yake ya kuchezea, atakuta inawaka, na nitamfunga mabao mpaka aombe nauli ya kurudi Nairobi.

Shida ni kwamba Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Kama hujawahi kukaa Kigali, Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, maduka yanafungwa, barabara zinanyamaza, na kila nyumba inatoa mtu na jembe lake kwenda kufanya kazi ya mtaa. Kundi letu la nyumba kumi na kitu linaongozwa na Mama Keza, na huyu Mama Keza nataka mmjue vizuri, maana bila yeye mkasa huu ungekuwa kichekesho tu. Mwezi wangu wa kwanza hapa niliugua malaria, sina ndugu, sijui hata neno moja la Kinyarwanda, na mama huyo aliniletea uji kwenye themosi ya bluu siku nne mfululizo, akawa anakaa mlangoni mpaka nimalize kikombe. Hakuniuliza mimi ni nani. Ndiyo maana mpaka leo namwita mama, na si kwa adabu tu.

Basi Ijumaa jioni nikakutana naye nje ya geti, na badala ya kumwambia ukweli (angeniruhusu? sijui, sikumpa nafasi), nikashika kiuno.

"Mama Keza, mgongo umenikamata."

"Yewe! Umebeba nini?"

"Maboksi. Kazini."

"Ihangane, pole sana, Hamisi. Kesho usitoke, kazi iko na watu. Wewe rala tu."

Sentensi moja ya uongo, nikaona nimepata asubuhi nzima. Ujumbe wa kazi yenyewe ulikuwa kwenye kundi la simu la mtaa tangu Jumatano, mrefu, kwa Kinyarwanda, nami niliona neno la mtaro nikapita, nilikuwa naangalia video ya namna ya kupaka dawa ya kupoza prosesa.

Jumamosi nikafunga mlango, nikashusha pazia. Meza yangu ni ndogo, inabeba skrini na sahani moja, na sakafu siiamini tangu mvua za mwezi wa nne, maji yaliponiingilia chumbani mpaka kwenye kifundo cha mguu (nyumba yangu iko upande wa chini wa kichochoro, mlango umeelekea mteremko), kwa hiyo kazi nikaifanyia kitandani. Nje nasikia majembe, koleo zinakwaruza mawe, watu wanacheka, ukutani kabisa kwangu, na mimi ndani nafunga skrubu kama mwizi. Skrubu moja ikaniponyoka ikabingirika uvunguni, nikaifuata kwa tumbo, mgonjwa wa mgongo huyo, natoka huko na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikapachika prosesa mara tatu kwa hofu ya kupinda vile vijisindano vyake. Nikapaka dawa, nikaona nimepaka nyingi, nikaifuta, nikapaka tena. Lakini jamani, kazi ile ni tamu. Kila kitu kikiingia mahali pake kinalia "kla", na moyo nao unatulia. Sijui kama nimewahi kuwa na asubuhi nzuri hivyo tangu nije nchi hii.

Saa tano na kitu nikasimamisha kasha katikati ya kitanda, ubavu mmoja bado wazi, nikachomeka waya wa umeme ukutani na waya wa picha kwenye skrini, nikapandisha swichi ya nyuma. Kidole kikaenda kwenye kitufe kilicho juu ya kasha. Sikukibonyeza. Nilitaka kwanza niseme bismillahi.

Ngo ngo ngo.

"Hamisi! Ni sisi! Tumekuja kumuona mgonjwa!"

Hilo sikulipigia hesabu. Watu wa hapa hawamuachi mgonjwa, wakimaliza kazi wanapita kumjulia hali, na mimi niliyelishwa uji siku nne nilitakiwa kulijua kuliko mtu yeyote. Nasikia mabuti yanavuliwa mlangoni, moja, mbili, nane, na mlango wenyewe komeo lake ni la kusukuma tu. Nikajirusha kitandani, nikavuta blanketi, likatufunika wote wawili, mimi na kompyuta. Nikanyoosha miguu pembeni kuelekea ukutani, na kasha likabaki limesimama katikati ya blanketi kama magoti ya mtu aliyeyakunja.

Wakaingia. Mama Keza mbele na themosi ile ile ya bluu. Nyuma yake Mukecuru, bibi wa nyumba ya pili, mwenye maumivu ya goti na imani kubwa, kisha majirani wengine wakabanana ukutani, nguo zimetapakaa udongo mwekundu, jasho linawatoka. Mimi nikatoa mguno mdogo. (Nauonea haya mguno ule kuliko kitu chochote.)

"Nafuu iko?" akauliza Mama Keza.

"Kidogo, mama."

Macho yake yakatua kwenye waya uliotoka chini ya blanketi ukaenda ukutani. "Na hii waya? Iko ya nini?"

Mngekuwa ninyi mngesemaje? Mimi nikasema, "Ni mashine. Ya kupasha joto mgongo. Ya umeme."

Chumba kizima kikasema "Eee!" kwa heshima. Mmoja akauliza nimeipata wapi, nikasema Dar. Mukecuru akasogea, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Inafanya na goti?"

"Inafanya, bibi. Viungo vyote."

"Imana ishimwe," akamsifu Mungu, akafumba macho aniombee, na katika kuomba akanyoosha mkono akaushika ule mlima wa blanketi. "Uponye mwana wanjye huyu... uponye goti rake... yoo, goti rako riko baridi! Goti iko ngumu kama bati!" Na kwa huruma yake yote akaanza kulikanda.

Pip.

Kwanza ikaja sauti, vuuuu, halafu blanketi likavimba taratibu na kuanza kutetemeka, halafu taa. Feni sita, kwenye chumba kilichoshushwa pazia, chini ya blanketi jeupe. Yale magoti yangu ya bandia yakawaka nyekundu, yakaenda kijani, yakaenda zambarau. Mtu mmoja akasema "Yesu weee" akarudi nyuma hadi uani. Na bado, nawaambia, bado ningeweza kujiokoa kama ningetulia nikasema mashine ndivyo inavyofanya kazi.

Lakini skrini mezani ikaleta picha. Maandishi meupe, mstari juu ya mstari, yanataja prosesa yangu kwa jina lake, kadi yangu, kila kitu nilichopachika kwa mkono wangu, na hakuna kosa hata moja. Miezi saba! Mara ya kwanza tu! Nikasahau mgongo, nikasahau watu, nikaruka nikasimama juu ya kitanda mikono hewani.

"Imewaka! Jamani, imewaka!"

Mukecuru akaniangalia kuanzia miguuni hadi juu, machozi yanamlengalenga, akainua mikono yake miwili.

"Imemuponya!" akasema. "Mashine imemuponya! Sasa goti yangu!"

Basi hapo watu wakaanguka kwa kicheko. Kuna waliokaa chini, kuna waliotoka nje kwenda kucheka wakishika ukuta. Mama Keza peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama sikio langu.

"Na hiyo bisibisi kwa sikio, Hamisi, nayo iko dawa?"

Nikaishika. Ilikuwepo muda wote.

"Toka nje uone," akaniambia, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikatoka pekupeku. Mtaro mpya ulianzia juu kabisa ya kichochoro, umenyooka, umepangwa mawe pande zote mbili, na ulipofika kwangu ulikata kona nzuri kukwepa mlango wangu na kuendelea chini. "Hii yote tumefanya juu ya ile maji iliingia kwako. Mimi ndiye niliomba. Tumechimba na sehemu yako, kwa sababu wewe unaumwa."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikasema, "Mama, nisamehe, nilidanganya," mbele ya wote, kisha nikatafuta jembe, nikainama nichimbe, nikakuta hakuna pa kuchimba. Kazi ilikuwa imekwisha. Nikabaki nimeshika mpini tu kama mtu aliyefika harusini wakati sufuria zinaoshwa. Ni Mama Keza aliyenionea huruma, akanielekeza mwisho kabisa wa kichochoro, nyuma ya nyumba ya Mukecuru, ambako maji yalitakiwa kutokea na watu walikuwa wamepaacha hadi mwezi ujao kwa sababu ni mawe matupu. "Pale," akasema. "Halafu kunywa uji yako."

Otieno alifika saa tisa na pedi yake, akanikuta ndani ya shimo mpaka kiunoni, mtaa mzima umekaa kwenye viti unanitazama. Alicheka akakohoa. Mama Keza akamkabidhi koleo.

Jumapili sikuweza kuinuka. Mgongo ulikuwa unauma kweli, kweli kabisa, kuanzia shingoni hadi kiunoni, na hapakuwa na binadamu hata mmoja Nyamirambo ambaye ningeweza kumwambia. Mchana mlango ukagongwa. Nilipotambaa kwenda kuufungua, themosi ya bluu ilikuwa imewekwa kizingitini, na aliyeileta alikuwa ameshaondoka.

Jumanne mvua ikanyesha, zile kubwa. Nilikuwa katikati ya mechi nikaacha, nikaenda kusimama mlangoni. Maji yakashuka mekundu, yana nguvu, yakafika kwangu, yakakata kona na kwenda zao. Chumbani hakikuingia kitu. Kompyuta ilikuwa sakafuni, feni zinazunguka na rangi zake zote.

Sasa kila Jumapili, Mukecuru akitoka kanisani anapita kwangu, anavuta kigoda hadi nyuma ya kasha, pale kadi ya picha inapotolea joto, anaweka goti lake. Anasema inasaidia. Namwekea gemu nzito kuliko zote nilizonazo, hata kama siku hiyo sina hamu ya kucheza, ili ipulize joto zaidi. Kuhusu kuumwa, nimeapa: hata nikivunjika mguu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nitakwenda kuwaonyesha kwanza.