Dobi Aliyezamishwa na Filamu

Jumapili ile mchana ukumbi wa mji wetu ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Filamu ilikuwa imepigwa hapahapa, na kisa chake tulikijua: jinsi gazeti letu dogo lilivyofichua kwamba kwenye nyumba ya wazee kule juu, wazee walikuwa wakipewa dawa za usingizi tangu alasiri, ili wahudumu wachache waliokuwepo wasisumbuliwe.

Nilikaa katikati ya wanawake wawili. Kushoto kwangu alikuwa Gunnvor Sletten, mwandishi wa habari ile. Kulia alikuwa jirani yangu, Oddlaug Bjerkan, ambaye wakati huo alikuwa dobi wa nyumba ya wazee. Yeye ndiye aliyempa Gunnvor habari. Watu walishuku tu. Hakuna aliyewahi kulisikia hilo kutoka kinywani mwake, isipokuwa sisi wawili.

Gunnvor wa kwenye filamu alivaa koti la ngozi, akanywa pombe kali ofisini na kumfokea mhariri. Gunnvor wetu, ambaye glasi moja ya mvinyo humuumiza kichwa, alicheka kimyakimya hadi mabega yakatikisika.

Kisha akanyamaza. Mwandishi wa kwenye filamu alikuwa amemwahidi dobi kwamba hatamtaja, lakini alipoona bila jina hakuna atakayeamini, akalichapa. Kesho yake dobi akaendesha gari moja kwa moja hadi baharini. Mwandishi akabaki ufukweni, analia kwenye mvua.

"Nimekufa," Oddlaug akaninong'oneza.

"Nimeona."

"Tena kwa gari. Mimi nisiye na leseni."

Alikuwa anatania, lakini alikuwa ameubana mkono wangu hadi ukauma.

Mambo hayakuwa hivyo. Kabla ya kuchapa, Gunnvor alikuja jikoni kwa Oddlaug na kumsomea habari yote. Nilikuwepo, nikimenya viazi. Sentensi moja ilieleza jinsi vidonge vilivyosagwa na kukorogwa kwenye jemu.

"Hiyo itoe," Oddlaug alisema. "Chumbani tulikuwa wawili tu. Wakiisoma, wamenijua."

"Dada, hiyo ndiyo habari yenyewe. Nikiitoa watasema naandika umbea."

"Najua."

Gunnvor aliisoma na kuirudia sentensi ile mpaka kahawa yake ikapoa. Mwishowe alichukua kalamu akaifuta.

Ikawa kama alivyohofia. Wakuu wa nyumba ile walikana kila kitu, na dawa ziliendelea majira yote ya baridi, mpaka wakaguzi walipokuja. Gunnvor hakupata kutulia juu ya jambo hilo. "Nilimlinda mmoja, wengine wakaendelea kulazwa," aliniambia mara nyingi. "Sijui kama nilifanya sawa." Oddlaug naye hakusalimika kabisa. Wenzake walimhisi, wakaacha kukaa naye mezani, hadi alipopata kazi kwenye jiko la shule.

Filamu ilipokwisha, mwongozaji wake, Eskil, kijana mpole kutoka mji mkuu, alichukua kipaza sauti akauliza kama kuna mwenye swali. Oddlaug akasimama.

"Naitwa Oddlaug Bjerkan," alisema. "Mimi ndiye yule dobi uliyemzamisha."

Watu walicheka. Halafu wakaelewa alichosema, wakageuka kumtazama.

Gunnvor alinyoosha mkono mbele yangu akamvuta sweta. "Kaa, shoga. Si lazima."

"Nimekaa vya kutosha." Akamgeukia Eskil. "Mwanangu, kwa nini uliniua?"

Eskil aliiva uso. "Nilitaka watu waone kwamba mwandishi anaweza kumuumiza mtu. Hutokea."

"Hutokea, sibishi. Ila huyu hapa hajanitaja mpaka leo. Mhariri wake mwenyewe alimuuliza, akamnyima. Sasa mtu mwenye jambo moyoni akitoka humu, si atasema akifungua mdomo ataishia majini?"

Eskil hakutafuta pa kujificha. "Sikukutafuta," alisema. "Niliambiwa hujulikani, nikaona basi niko huru kukutunga. Ningepaswa kuulizia."

"Ungepata kahawa," Oddlaug akasema. "Mahojiano ningekunyima."

Safari hii hata Eskil alicheka.

Tulipokuwa tunachukua makoti, seremala mmoja, Torleif, alimjia Oddlaug. Alizungukazunguka kwanza, akasifu filamu, akalalamikia barafu. Kisha akauliza, "Walikufanya nini, pale kazini?"

"Walininunia. Nilikula peke yangu mwaka mzima. Ilikuwa vibaya, sikufichi."

"Na kweli alikusomea?"

"Neno kwa neno. Nikisema toa, anatoa."

Oddlaug hakumsukuma zaidi. Jumatatu Torleif mwenyewe alipanda hadi ofisi ya gazeti. Tajiri mmoja alikuwa amempa kazi kwenye nyumba wanamolala wafanyakazi wa kigeni wa kiwanda cha samaki: aupigilie misumari mlango wa dharura, kwa sababu ulikuwa unapitisha baridi. Aliupigilia. Tangu hapo, kila akisikia king'ora cha zimamoto alikuwa akitoka nje kutazama upande ule.

Gunnvor aliandika anwani, kisha akasimama. "Torleif, habari hii itangoja. Watu wanalala mle. Naomba ruhusa yako niwapigie zimamoto sasa hivi."

"Si wengine wataipata kabla yako?"

"Waipate."

Mlango ulifunguliwa siku hiyohiyo. Redio ikatangaza kabla ya gazeti, mhariri akanung'unika wiki nzima. Gunnvor hakujali, nami sikuwa nimemwona mwepesi wa moyo namna ile kwa miaka.

Habari yake ilipokuwa tayari alimsomea Torleif karakanani, mashine zikiwa zimezimwa. Alisikiliza, akaomba arudiwe. Hakuna hata neno alilotaka liondolewe.

"Jina langu liweke," alisema.

"Una hakika? Nyumbani mmeongea?"

"Tumeongea. Mke wangu anasema kama dobi yuko hai, na mimi nitakuwepo."

Tajiri yule hakumpa kazi tena. Lakini watu wa kanisa walikuwa wanatafuta mtu wa kubadilisha madirisha, na aliyepiga simu kuwaambia wamchukue Torleif ni Oddlaug, bila kuombwa na mtu.